Mkono wa Eleuterio

Hapa Castro, kisiwani Chiloé, mvua haihesabiwi;
tunahesabu siku zilizoikosa.
Siku moja ya namna hiyo, Februari,
nilimnunulia Eleuterio Barría kalamu nene ya wino
naye akanipa mkono,
si wa salamu, wa kuandikia.

Kibandani kwake, nyuma ya soko,
kila kipande cha boksi kina la kusema:
VIAZI VYEUSI. SURA MBAYA, ROHO NZURI.
KITUNGUU SAUMU. LEO USIMBUSU MTU.
KOME WA ASUBUHI. JIONI USINIULIZE.
Huandika kwa kushoto, na mstari hupanda kilima,
kwa kuwa, asema, hajawahi kuona bei ikiteremka.

Nikamkalisha mezani, karatasi mia.
"Niandikie a."
Akaandika.
"Nyingine."
"Kwani hii ina kasoro gani?"
A yake ina mguu wa mtu anayevuka dimbwi.
S ni mdudu aliyeguswa mkia.
O haifungiki, kama mdomo wa jirani.
Ñ ndiyo kipenzi chake, kaivisha kofia upande.
Na nukta ya i haiweki, huirusha tu,
itue itakapo.

Usiku nikazipanga kwenye kompyuta,
nikitafuta nafasi kati ya T na o
kama mwenye harusi anayeketisha wageni wasiosalimiana.
Kazi ngumu ni kulilinda kosa:
ukilinyoosha kidogo tu, linakuwa sahihi,
linakufa.
Fonti nikaiita Barría. Akacheka mpaka akakohoa:
"Jina la baba! Yeye alitia dole gumba."

Ikatembea kuliko sisi.
Kwenye vikombe vya aiskrimu kule Ancud,
fulana za watoto, lori la samaki,
kliniki ya meno Quellón: USIOGOPE!
(na O ile, wazi kabisa).
Nikalipwa, nikamgawia. Akanunua mizani mpya
akaendelea kuandika mabango yake kwa mkono.

Juni, baridi inang'ata masikio,
akaja na bahasha, kofia inachuruzika.
Kampuni ya umeme. Ilani ya mwisho,
kwa herufi za kuchezacheza, eti deni lipate tabasamu:
Habari, jirani! Alhamisi tunakukatia.
"Soma," akasema. Nikasoma.
"Sasa nani kaandika? Maana mkono ni wangu.
Nimejidai mwenyewe. Nimejitisha mwenyewe."

Sikuwa na pa kuweka macho.
Akazigusa a kwa kidole, moja moja, kumi na tisa,
zote zikivuka dimbwi lilelile kwa mguu uleule.
"Mimi sijawahi kuandika a mbili zinazofanana.
Huyu ni mimi niliyepigwa picha
nikaambiwa nisipepese."

Akaomba kalamu. Akageuza boksi la nyanya, akajibu,
na ukitaka kupima mizani, pima:

*Wana-umeme, salama! Deni lenu lasumbua,*
*Ijumaa nitatuma, wateja wakinunua.*
*Mkono huo mzima ni wangu, mmechukua,*
*nao hucheka daima, kutisha haujajua.*

Neno la mwisho halikutosha; likakunja kona ya boksi.

Alhamisi kijana wa kampuni akaja na ngazi.
Alilisoma boksi mara mbili, akalizungusha kufuata kona.
Umeme akaukata, kazi ni kazi,
lakini boksi aliliomba, akaondoka nalo kwapani.

Mimi nikaifungua fonti upya.
Nikachora a ya pili, ya tatu, zipokezane
ili neno moja lisivae kiatu kimoja kila siku.
Zilipofika saba nikamwita aone.
Akavaa miwani, akazikagua kama kome.
"Si mbaya," akasema. "Umebakisha kidogo.
Ongeza tu zile
ambazo bado sijaziandika."